Mataruma ya boti yangu ya faiba yamebanduka, nje hakuna hata ufa. Wajuzi naombeni mnisaidie

#1 MwanaMkokotoni

Assalaam aleykum wakuu, na habari za kazi kwa wote.

Nina boti ya faiba ya futi 28, mashine moja ya farasi 60. Ilijengwa mwaka 2021 hapa hapa Unguja. Kazi yake ni samaki na barafu, Mkokotoni kwenda Pemba na kurudi. Miaka mitatu haijanisumbua kwa lolote zaidi ya plagi na propela.

Wiki iliyopita tulitoka Mkoani alfajiri, kusi limeshika. Tulipofika katikati ya mkondo boti ikawa inapigwa tumbo, inapanda na kuanguka. Nikasikia chini ya sakafu kitu kinagonga, ko, ko, kama mtu aliyefungiwa chumbani. Kijana wangu akaweka mguu akaniambia, "Baba, sakafu inapumua." Nikapunguza mashine tukaja taratibu mpaka nyumbani, kwa rehema za Mungu.

Tumepandisha boti pwani, tumeng'oa sakafu. Mataruma, yaani mbavu zinazokaza boti kwa ndani, yapo 9. Manne yameachana na bodi (ganda la boti). Kisu cha jikoni kinapita chini ya taruma bila kugusa kitu. Nje nimekagua kwa tochi na mkono, hakuna ufa, gelikoti (lile tabaka la rangi la nje) inang'aa kama siku ya kwanza.

Fundi wa hapa jirani anasema nitoboe nipitishe boliti kwenye kila taruma, kisha tupige faiba nyingine juu, siku mbili tumemaliza. Roho yangu inasita. Je, hii ni bahari, ni mzigo, au ni ujenzi? Na dawa yake ni nini? Boti hii ndiyo inayolisha nyumba tatu.

#2 Nahodha_Mafia

Pole sana ndugu yangu, na hongera kwa kupunguza mashine. Wengi wangekaza ili wawahi kufika, na hapo ndipo tumbo linapofunguka.

Usitoke nayo hata kwa safari ya karibu mpaka upate jibu. Boti ya faiba bila mataruma ni ndoo.

#3 FundiRezini_Tanga

Mkuu, nimefanya kazi ya faiba miaka 19, zaidi boti za uvuvi na chache za watalii. Kabla sijasema neno nijibu maswali mawili.

Kwanza, ile mbawa ya faiba iliyokuwa inashika taruma kwenye bodi, igeuze uangalie upande wa chini. Je, unang'aa au una manyoya meupe ya nyuzi zilizokatika?

Pili, baada ya bodi kutolewa kwenye kalibu (umbo inamotengenezewa), mataruma yaliwekwa siku ya ngapi?

#4 MwanaMkokotoni

Fundi, nimekwenda kuangalia sasa hivi. Upande wa chini unang'aa kama sahani. Hakuna unyoya hata mmoja. Na kuna jambo jingine limenishangaza. Kwenye bodi, mahali taruma lilipokaa, mistari ya penseli aliyochora fundi kupima nafasi bado ipo. Inasomeka mpaka namba.

Swali la pili nimempigia aliyeijenga, na ni mtu mzuri, hakunificha. Bodi ilitoka kwenye kalibu siku chache kabla ya Ramadhani. Mimi mwenyewe hela ilikuwa imeniishia, rezini (ile gundi ya maji inayolowesha faiba) haikununuliwa mpaka baada ya Idi. Bodi ilikaa chini ya banda la makuti mwezi mzima na zaidi, masika yale. Waliporudi waliifuta kwa kitambaa chenye petroli, wakaendelea.

#5 FundiRezini_Tanga

Basi jibu lako ndilo hilo, na penseli ndiyo shahidi. Mstari wa penseli hauwezi kubaki mahali palipopita grenda. Mataruma yako hayakubanduka wiki iliyopita mkondoni. Hayakushika tangu siku ile baada ya Idi. Yalikaa pale kwa kuegemea, miaka mitatu, mpaka bahari ilipoyavuta sawasawa.

Nieleze kidogo, maana hili naliona mara nyingi na watu wanalaumu rezini kuwa ni feki.

Rezini ya poliesta inapokauka, hewa inauzuia uso wake usikauke kabisa. Ndiyo maana ukigusa leya (tabaka) mpya kidole kinanata. Ule unato ndio mlango. Ukiweka leya nyingine wakati huo, stairini, kile kimiminika kilichomo kwenye rezini mpya, inalainisha uso wa chini, kisha vyote viwili vinakauka pamoja na kuwa mwili mmoja. Hapo ukivuta, huwezi kusema hii ni ya jana na hii ni ya leo.

Mlango huo haukai wazi. Kwa joto letu la pwani mimi sivuki siku moja. Vitabu vingine vinakupa mbili, lakini vimeandikwa penye baridi. Ukipita hapo uso umeshafunga, na mafundi wengi leya ya mwisho ya ndani wanaitia nta makusudi ili isinate. Nta inapanda juu, inafunika, uso unakuwa mkavu na mzuri kwa macho. Lakini kwa faiba itakayofuata ule ni uso wa sufuria iliyopakwa mafuta.

Baada ya hapo hakuna tena kuungana mwili. Kilichobaki ni kushika kwa kucha. Unachukua grenda, diski namba 36 au 40, unakwangua mpaka mng'ao wote uishe na uso uwe mweupe mweupe wa vumbi, nyuzi zianze kuonekana. Mikwaruzo ile ndiyo rezini mpya inaingia na kung'ang'ania. Inashika vizuri sana ikifanywa hivyo, boti nyingi tu zinatembea kwa mshiko wa kucha. Usipokwangua, hakuna mwili wala kucha.

Na petroli! Petroli inaacha mafuta. Afadhali wangeacha vumbi.

Wala simlaumu sana mwenzangu aliyeijenga. Kazi ikisimama mwezi kwa sababu ya hela, akili inarudi pale ilipoishia kana kwamba jana ilikuwa jana. Bodi haijui hilo.

#6 Bi_Mhandisi

Nimefurahi sana kusoma maelezo ya fundi. Mimi nipo Dar, nashughulika na matangi ya faiba ya viwandani, siyo boti, lakini ugonjwa ni ule ule.

Niongeze kitu kimoja kuhusu jinsi kiungo kinavyovunjika, kwa sababu kinakuambia nani alikosea. Ukibandua kiungo ukakuta nyuzi zimechanika, nyeupe, zimeng'oka upande mmoja zimebaki upande wa pili, maana yake mshiko ulikuwa na nguvu kuliko faiba yenyewe. Hapo tatizo ni mzigo au unene mdogo. Ukikuta gundi imepasuka katikati yake, nusu huku nusu kule, angalia gundi: labda ilichanganywa vibaya au ilikuwa nene mno. Ukikuta pande zote mbili safi zinang'aa, kosa ni la maandalizi, hata kama aliyetandika faiba ni bingwa wa dunia. Kaka wa Mkokotoni, yako ni ya tatu, na ndiyo mbaya kuliko zote kwa sababu haitoi dalili mapema.

Sasa nina swali. Ncha za mataruma yako zilikatwaje? Zimeshuka taratibu kama mkia, au zimekatwa wima kama tofali?

Nauliza kwa sababu mshiko wa faiba una nguvu nyingi ukiuvuta kwa kuteleza, ubavu kwa ubavu, lakini ni dhaifu sana ukiubandua kuanzia ukingoni. Fikiria chapati iliyoganda kwenye kikaango. Ukiisukuma kwa kiganja haisogei, lakini ukipata pembe moja ukaingiza ncha ya mwiko, imekwisha. Bodi ya boti ikigongwa na wimbi inabonyea na kurudi, kila mara. Taruma halibonyei. Pale taruma linapoishia ghafla, ndipo mwiko unapoingia.

#7 MwanaMkokotoni

Dada, zimekatwa wima. Na yale manne yaliyoachia yote ni ya mbele, kuanzia omo kuja katikati. Ya nyuma karibu na mashine bado yameshika, au angalau kisu hakipiti.

#8 Bi_Mhandisi

Mbele ndipo boti ya kasi inapoangukia, kwa hiyo hapo ndipo panapopigwa. Usiyaamini ya nyuma. Yote tisa yaliwekwa siku ile ile na kitambaa kile kile.

#9 Bahari_Kongwe

Nawasalimu kutoka Mombasa, Mji wa Kale. Babu yangu alikuwa fundi wa mashua, na mimi nimekulia kwenye kalafati (kuziba nyufa kwa pamba) na sifa (mafuta ya papa ya kupaka chombo). Nitasema langu, mtanisamehe.

Chombo cha mbao kikiugua hukuambia. Pamba hutoka, maji huingia kidogo, msumari hutoa kutu, wewe waona. Wazee wetu wa Lamu waliunda mtepe bila msumari hata mmoja, mbao zimeshonwa kwa kamba ya nazi. Kila mshono ulionekana kwa macho. Ukilegea, ulikazwa, ukioza, ulishonwa upya. Hii faiba yenu imefichwa kila kitu ndani ya rangi nzuri. Mtu afa huku amesimama kwenye chombo king'aacho.

Sisemi mrudi kwenye mbao, miti yenyewe imekwisha na bei yake haishikiki. Nasema mjue kwamba mumenunua chombo kisichosema.

#10 FundiRezini_Tanga

Mzee wangu, shikamoo. Maneno yako yana uzito, ila boti hii ilisema. Sakafu ilipumua, ikagonga. Shida ni kwamba inasema ikiwa imeshachelewa, na sakafu zetu tunazifunga kwa faiba moja kwa moja, hakuna mlango wa kuchungulia. Mimi siku hizi mteja akikataa milango ya sakafu, naacha kazi yake.

#11 Mswahili_Portsmouth

Habari wakuu. Nipo Uingereza, nafanya kazi kwenye yadi ya kutengeneza yoti. Huu uzi umenigusa, kwa sababu kuna ajali moja ambayo kila mtu wa kazi yetu huku anaijua, na chombo chenyewe kilikuwa na neno letu kwenye jina: Cheeki Rafiki.

Ilikuwa yoti ya tanga ya futi 40, aina ya First 40.7. Mwezi Mei 2014 ilikuwa inarudi Southampton kutoka Antigua, mabaharia wanne ndani. Katikati ya Atlantiki walituma ujumbe kwamba wanaingiza maji na hawajui yanatoka wapi. Tarehe 16 Mei mkuku (ule uzito wa chini unaoisimamisha yoti) ukang'oka, yoti ikapinduka. Walinzi wa pwani wa Marekani walitafuta, wakasimamisha, wakaanza tena baada ya watu wengi kusihi. Tarehe 23 Mei meli ya jeshi la maji la Marekani ikaliona ganda limepinduka, mkuku haupo, na chelezo cha kuokolea maisha (life raft) bado kimefungwa mahali pake. Hakuna aliyepatikana.

Idara ya uchunguzi wa ajali za baharini ya Uingereza, MAIB, ilitoa ripoti Aprili 2015. Ndani ya yoti hizo kuna kiunzi cha faiba kinachomiminwa peke yake, kisha kinabandikwa ndani ya bodi kwa gundi. Kiunzi hicho ndicho mataruma yake. Mkuku wa chuma unafungwa kwa boliti kupitia hapo. Wachunguzi waliona haielekei kwamba iligonga kitu usiku ule. Walichoona kuna uwezekano ni kwamba kugusa chini mara kadhaa miaka ya nyuma, na matengenezo yaliyofuata, vilidhoofisha mahali mkuku uliposhikana na bodi. Walitaja pia kwamba boliti moja au zaidi huenda zilikuwa zimechakaa. Na wakaonya kwamba kiunzi kilichobandikwa kwa gundi kinaweza kuachana na bodi, na ni vigumu sana kukigundua kikiwa ndani.

Ripoti hiyo ilihesabu visa 72 vya mikuku kuachia tangu mwaka 1984, watu 24 wamekufa. Siyo vyote ni vya gundi. Lakini tangu hapo, yoti ikija yadini kwetu imegusa chini, hata mwenyewe akisema "ni mchanga tu", tunafungua sakafu. Tunaangalia kwanza nyuma ya mkuku, kwa sababu mkuku ukigonga mbele, ncha yake ya nyuma inasukumwa juu, na hapo ndipo kiunzi kinapoinuka.

Mwaka uliofuata, Julai 2015, yoti nyingine kubwa zaidi, Polina Star III, ilizama pwani ya Hispania baada ya bodi yake kuachana kuzunguka mkuku. Wao waliokolewa wote, alhamdulillahi. Ile ilikuwa yoti mpya ya kifahari. Kwa hiyo msidhani ni shida ya mafundi wa banda la makuti.

#12 Nahodha_Mafia

Dah. Wanne, na ujumbe walituma kwamba maji yanaingia na hawajui yatokako. Nimesoma hapo mara mbili.

Sisi boti zetu hazina mkuku wa boliti, lakini kupanda mchanga na mwamba kwetu ni kila maji yakitoka. Tunavuta boti juu ya matumbawe kwa mikono. Sijawahi hata siku moja kufungua sakafu baada ya hapo.

#13 MwanaMkokotoni

Nimesoma kimya kimya, na usiku sikulala vizuri.

Sasa niambieni kuhusu boliti. Jirani bado anasisitiza, na kusema kweli bei yake ni nafuu. Na epoksi, ile rezini ya aina nyingine? Kuna mtu mjini ananiambia nisitumie poliesta kabisa.

#14 FundiRezini_Tanga

Boliti hapana. Kila tundu unalotoboa chini ya maji ni mlango wa maji, na taruma lako ndani ni mbao. Maji yakiingia kwenye mbao yanatembea nayo urefu wote, inavimba, inaoza, inasukuma faiba kutoka ndani. Nimefungua matezi (ubao wa nyuma wa kufungia mashine) ya boti yaliyokuwa yanaonekana mazima, ubao ndani umekuwa uji, sababu ni matundu manne ya kufungia mashine ambayo hayakuzibwa. Kama ni lazima kutoboa mahali penye ubao, toboa tundu kubwa kuliko boliti, jaza epoksi nzito, iache ikauke, ndipo utoboe tena katikati ya epoksi. Boliti haigusi mbao kabisa.

Tena boliti inashika nukta moja tu. Bodi ya milimita 6 au 7 ikipigwa na wimbi, nukta ile ndiyo itapasuka.

Epoksi na poliesta, hapa nitasema kwa heshima maana watu hugombana. Kwa kubandika kwenye bodi iliyokwisha kukauka, epoksi inashika zaidi. Hilo halina ubishi. Lakini ni ghali, na ina masharti yake. Mati ya kawaida, ile ya nyuzi fupi, imeshikanishwa kwa unga unaoyeyuka kwenye stairini. Epoksi haina stairini, kwa hiyo mati inabaki ngumu kama kadibodi. Utahitaji faiba ya kufumwa au iliyoshonwa. Na ukishatumia epoksi mahali, usirudi na poliesta juu yake, haitashika. Ukianza na epoksi, maliza na epoksi.

Mimi ningekwambia poliesta nzuri, maandalizi kamili, boti itafanya kazi. Poliesta juu ya bodi iliyokwanguliwa ni bora kuliko epoksi juu ya mng'ao.

#15 Bi_Mhandisi

Fundi, hapo tunatofautiana kidogo. Kwa matengenezo ya boti inayobeba watu, na mwenyewe ameshapata hofu mkondoni, mimi ningeweka epoksi kwenye mbawa za mataruma, hata kama akope. Mzigo wa kubandua ndio unaoua kiungo hiki, na huko epoksi inaizidi poliesta kwa mbali. Pia haisinyai sana ikikauka.

Ila epoksi ina hila yake kwenye unyevu. Aina nyingine zikikauka zinatoa utelezi juu, kama jasho la nta, hasa masika. Utelezi huo haukatwi kwa msasa, unasambaa tu. Unaoshwa kwa maji safi na dodoki, unakaushwa, ndipo msasa. Ukisahau, leya ya pili itabanduka kama hii ya kwanza.

#16 FundiRezini_Tanga

Nakubali hoja ya hofu mkondoni. Sina ubishi nayo. Akiweza bei, epoksi.

#17 MaskatiYetu

Salaam kutoka Maskati. Huku boti za wavuvi karibu zote ni faiba, mbao zimebaki kwa wachache. Kazi yetu ngumu ni joto. Kiangazi rezini inaganda ndoo ikiwa mkononi. Vijana wanaona dawa ni kupunguza hadina (dawa ya kugandisha rezini) mpaka karibu na sifuri ili wapate muda. Inaganda kweli, lakini haiivi. Miezi baadaye ukiibonyeza kwa ukucha inaingia, na ukinusa bado inanuka.

Hadina ni asilimia 1 mpaka 2 ya rezini. Chini ya 1 usishuke. Kama joto ni kali, changanya kidogo kidogo, fanya kazi alfajiri, weka kivuli. Na pima kwa mizani au bomba la sindano, si kwa kifuniko cha soda.

Jambo la pili, unyevu. Asubuhi ukipitisha kiganja kwenye bodi ukahisi ubaridi wa umande, hata kama huoni tone, usibandike. Subiri jua lipande, bodi ipate joto. Unguja na Maskati tunafanana kwa umande wa pwani.

#18 MwanaMkokotoni

Nimeamua. Nauza boti yangu ndogo ya dema, nanunua epoksi. Fundi wa Tanga, nakuomba unipe mpangilio wa kazi yenyewe. Nitasimama hapo mwenyewe kila siku.

#19 FundiRezini_Tanga

Vizuri kusimama mwenyewe. Nitakuandikia kama nifanyavyo mimi.

Ng'oa mataruma yote tisa. Najua inauma, lakini Bi_Mhandisi kasema kweli. Mbao zenye unyevu tupa. Osha bodi ndani kwa maji baridi (yasiyo ya chumvi) na sabuni ili mafuta ya samaki na chumvi vitoke, kabla ya grenda, siyo baada. Ukikwangua juu ya mafuta unayasugua yaingie ndani. Iache ikauke, hata wiki.

Kisha grenda namba 40. Upana wa kukwangua uzidi upana wa faiba utakayoweka. Usiache kisiwa kinachong'aa. Vumbi litoe kwa brashi na mashine ya kufyonza. Usipulize kwa kompresa ya gereji, ina mafuta. Futa kwa asetoni na kitambaa cheupe kipya, geuza kitambaa kila mara, subiri ikauke. Baada ya hapo mtu asikanyage wala asishike kwa mkono mtupu.

Taruma lisikae moja kwa moja juu ya bodi. Weka chini yake ukanda wa povu gumu au lipu laini ya epoksi, ili mbao isichimbe bodi kwa nukta ngumu. Pembeni, pale taruma linapokutana na bodi, jaza kona kwa epoksi nzito mpaka iwe mviringo, ukubwa wa kidole gumba. Faiba haipendi kona kali. Ukiikunja kona kali inaacha hewa nyuma yake, na hewa ile ndiyo mwanzo wa kubanduka.

Mbawa: leya ya kwanza ishuke kwenye bodi milimita 50 kila upande, ya pili 75, ya tatu 100. Zikishuka kwa ngazi hivyo, ukingo unakuwa mwembamba na mzigo unapotea polepole. Ncha za taruma zichonge zishuke kama mkia wa changu, zisiishie wima. Tandika leya zote siku moja.

Kabla ya yote, fanya jaribio. Kwangua kipande kidogo cha bodi kama nilivyosema, kingine kiache kinang'aa. Kote kuwili bandika ukanda wa faiba upana wa vidole vitatu, mwisho wake uache umening'inia juu ya karatasi ya nailoni. Baada ya siku tatu shika mkia kwa koleo uvute. Utaona kwa macho yako.

#20 Bi_Mhandisi

Naomba niingize la usalama, maana hapa kuna vijana watasoma. Hadina ya poliesta ikiruka jichoni inaweza kukupofusha. Miwani kila unapopima, na ndoo ya maji safi karibu. Ikiingia, osha jicho dakika 15 bila kukoma kisha hospitali. Na kama unanunua rezini isiyotiwa kichapuzi, ile dawa ya zambarau ya kobalti, usiichanganye na hadina moja kwa moja hata tone. Inalipuka. Kichapuzi kinaingia kwenye rezini kwanza, kinakorogwa, ndipo hadina.

Epoksi nayo inaumiza ngozi polepole, ukishapata aleji huponi. Glavu. Na vumbi la grenda ni kioo, vaa barakoa ya kweli, siyo leso.

#21 Nahodha_Mafia

Nimetoka kufungua yangu. Nilichukua sarafu ya mia mbili nikawa nagonga bodi kwa ndani, kila kiganja kimoja nagonga. Mahali pazima panalia ti, ti. Kwenye taruma la pili kutoka omo, upande wa kulia, palilia tu, tu, kama nazi koroma. Nimezungushia chaki. Ukubwa wake ni kama sinia.

Boti yangu haijawahi kugonga sauti yoyote baharini.

#22 Mswahili_Portsmouth

Nahodha, hivyo ndivyo tunavyofanya sisi, ila kwa nyundo ndogo. Piga picha ya ile chaki ukiwa umeweka rula. Gonga tena baada ya mwezi. Kama duara limekua, kiungo kinaendelea kuachia na hakuna kusubiri. Mlio unaweza kubadilika hata mahali pazima, kwa sababu ya taruma lenyewe au unene, kwa hiyo linganisha kulia na kushoto mahali pale pale.

#23 MwanaMkokotoni

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu.

Jaribio nimefanya na kijana wangu. Ukanda wa mahali panapong'aa, nilishika kwa koleo, nikavuta kwa mkono mmoja, ukatoka wote kwa mara moja na sauti ya krr, kama unavyobandua stika kwenye chupa. Chini yake penseli niliyochora kwa makusudi ilibaki nzima.

Wa mahali palipokwanguliwa nilivuta nikashindwa. Kijana akasaidia, koleo mbili, mguu kwenye ubavu wa boti. Ulikatika vipande, na pale chini kumebaki manyoya meupe, mengine yametoka na nyuzi za bodi yenyewe. Kijana alikaa kimya, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo miaka yote mitatu tulikuwa tunakwenda Pemba na ile ya kwanza?"

Sikuwa na jibu la kumpa.

Mataruma matano ya nyuma niliyodhani yameshika, mawili yalitoka kwa patasi na nyundo moja. Tumeshatandika sita mapya. Kila asubuhi tunasubiri mpaka saa nne bodi ipate joto, umande ukauke. Tukimaliza yote, sakafu nairudisha na milango minne yenye kifuniko, kila mmoja unapitisha kichwa na tochi. Yule fundi aliyeijenga mwaka 2021 nimemwita, anafanya kazi hii pamoja nasi bila kunidai ujira. Yeye ndiye aliyeshika grenda.

Fundi wa Tanga, swali moja limebaki. Ubao wa tezi, pale mashine inapokaa, nikigonga kwa sarafu unalia tofauti upande wa chini kushoto. Kuna matundu mawili ya zamani yaliyozibwa kwa silikoni. Nitoboe tundu dogo kwa ndani nione kama mbao imelowa, au kuna njia nyingine?

#24 FundiRezini_Tanga

Toboa kwa ndani, tundu la milimita 5, sehemu ya chini kabisa, usipite upande wa pili. Angalia unga unaotoka kwenye keekee. Ukiwa mkavu na rangi ya mbao, ziba kwa epoksi. Ukitoka mweusi au umelowa, niandikie hapa kabla hujarudisha mashine.